Majitaka yaliyotibiwa kwenye miti ya matunda: udongo na matunda vitahimili?

bustani_mseto

Habari za humu wakuu. Naomba msaada wa kusoma majibu ya maabara na kufanya uamuzi kabla ya msimu wa kiangazi.

Maji ni majitaka ya makazi tu, hakuna kiwanda kwenye mtandao wake. Yanapita mabwawa matatu ya kutibu kisha yanaletwa shambani kwa bomba. Miti ni parachichi, michungwa, miembe na mipera. Udongo ni tifutifu wenye mfinyanzi mwingi, pH 7.2. Tunamwagilia kwa matone, kama mita za ujazo 8,000 kwa hekta kwa mwaka, na mvua hunyesha msimu mmoja.

Majibu ya maji: EC (kipimo cha chumvi, hupimwa kwa umeme unaopita kwenye maji) 1.8 dS/m, SAR (uwiano wa sodiamu dhidi ya kalsiamu na magnesiamu) 7, pH 7.9, kloraidi 210 mg kwa lita, boroni 0.9, nitrojeni yote 35 (nyingi ni amonia), fosforasi 8, potasiamu 25, yabisi zinazoelea 70, kolifomu za kinyesi 20,000 kwa mililita 100. Mayai ya minyoo hayakuonekana kwenye sampuli ya lita moja.

Yanayoonekana shambani: majani ya zamani ya parachichi yanaungua kuanzia ncha. Michungwa ina majani ya kijani kibichi cha kutisha lakini matunda yanachelewa kugeuka rangi na ganda ni nene. Miembe inachipua badala ya kutoa maua. Na mvua za kwanza zikinyesha maji yanatuama, udongo ukikauka unaweka gamba gumu juu.

Maswali: je, maji haya yanaharibu udongo au tatizo ni usimamizi? Matunda ni salama kuliwa? Kuna mti niung'oe?

---

udongo_kwanza

Mkuu, umeleta namba zinazotosha kujadili, ahsante. Nianze na udongo, kwa sababu mti ukiharibika utapanda mwingine, udongo wa mfinyanzi ukishajaa sodiamu utahangaika nao miaka.

Kwanza piga hesabu ya chumvi. EC 1.8 ni takriban gramu 1,150 za chumvi kwa kila mita ya ujazo. Zidisha kwa 8,000 unapata zaidi ya tani 9 za chumvi kwa hekta kila mwaka. Mti unakunywa maji na kuiacha chumvi palepale kwenye mizizi. Isiposukumwa chini kwa mvua au kwa maji ya ziada, inarundikana.

Miti inatofautiana sana. Kipimo ni EC ya maji yanayotolewa kwenye udongo uliolowa hadi kushiba (ECe), na namba hizi za dS/m ni kiwango ambacho mavuno huanza kushuka. Parachichi huanza kuumia kwenye 1.3 hivi, mchungwa 1.7, mzabibu 1.5, mtende 4.0, mpera unafika 4.7. Mwembe uuweke kundi moja na miti isiyopenda chumvi. Stroberi ni 1.0 na baada ya hapo mavuno yake yanaporomoka vibaya, isije ukashawishika kuipanda katikati ya mistari.

Maji ya ziada ya kusukuma chumvi unayapata hivi: EC ya maji, gawanya kwa (mara 5 ya ECe unayoitaka, toa EC ya maji). Kwa mchungwa: 1.8 ÷ (8.5 − 1.8) = 0.27. Maana yake asilimia 27 ya maji yote unayoweka lazima yapite chini ya mizizi. Kwa parachichi ni asilimia 38, na kwenye udongo wako mzito hiyo haiwezekani bila kuzamisha mizizi. Kwa mpera ni asilimia 8 tu. Kwa hiyo maji hayohayo ni mazuri kwa mpera na ni shida kwa parachichi, kwenye shamba moja.

Ule muungulio wa ncha kwenye majani ya zamani ya parachichi ni kloraidi. 210 mg kwa lita ni kama milikivalenti 6 kwa lita, na miti inayoumia haraka huanza kulalamika kwenye 4. Sodiamu huunguza zaidi kingo za jani. Boroni yako 0.9 imepita kidogo mstari wa 0.7. Kwenye mchungwa, mwembe na parachichi boroni ikizidi utaona umanjano wenye madoadoa kwenye ncha na kingo za majani ya zamani, lakini kwenye pichi, plamu na lozi usitafute kwenye jani: kwa miti hiyo boroni husafiri na sukari kwenda kwenye sehemu changa, kwa hiyo dalili ni vitawi kufa ncha na gundi kutoka kwenye gome. Boroni pia ni kaidi kuosha, inataka maji mara mbili hadi tatu ya yale yanayoondoa kloraidi.

Sasa gamba. Hapo ndipo SAR 7 inapofanya kazi yake. Wakati wa kiangazi chumvi iliyo kwenye maji inashikilia chembe za mfinyanzi pamoja, udongo unaonekana mzima. Mvua ya kwanza haina chumvi. Inaiosha ile chumvi ya juu, sodiamu iliyokwisha kujishika kwenye mfinyanzi inabaki, chembe zinaachana na kuziba vitundu vyote. Ndiyo maana tatizo lako linatokea kwenye mvua na si kwenye matone.

Jaribio la bure kabla ya kwenda maabara: chukua donge kavu la udongo lenye ukubwa wa sentimita moja, liweke taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua, usikoroge wala usitikise. Angalia baada ya dakika 10, kisha baada ya saa 2. Donge likibomoka na maji yakabaki maangavu, udongo ni dhaifu lakini sodiamu si tatizo kubwa. Ukiona ukungu kama wa maziwa unatambaa kutoka kwenye donge na kulizunguka, sodiamu imeshaingia. Usitumie maji ya bomba la majitaka kwa jaribio hili, chumvi yake itakuficha ukweli.

Vitabu vingi hutaja asilimia 15 ya sodiamu kwenye chembe za udongo (ESP) kuwa ndiyo mpaka wa udongo wa magadi. Kwenye mfinyanzi unaonyeshewa mvua mpaka huo umechelewa mno. Matatizo huanza kwenye 5 au 6.

Dawa ni jasi (salfati ya kalsiamu), si chokaa. Kwenye pH 7.2 chokaa haiyeyuki kiasi cha maana. Kuondoa senti-mole moja ya sodiamu kwa kila kilo ya udongo, kwa kina cha sentimita 30, kunahitaji tani 3.5 hadi 4 za jasi kwa hekta. Mfano: uwezo wa udongo kushika madini (CEC) ukiwa 30 na ESP 10, ukitaka kushusha hadi 5, unaondoa 1.5, sawa na tani 6 hivi. Hiyo ni kwa eneo lote. Ukimwaga chini ya kivuli cha miti tu inapungua. Baada ya hapo weka tani 1.5 hadi 2 kila mwaka kama matengenezo. Muda wake ni wiki mbili tatu kabla ya mvua, ili mvua iyeyushe jasi na kupeleka sodiamu chini. Jasi bila maji ya kupita chini haisaidii, inabadilisha sodiamu mahali halafu sodiamu inabaki hapohapo.

---

miti_na_mbolea

Nakubaliana na mkuu hapo juu kuhusu sodiamu. Ila dalili za michungwa na miembe hazitokani na chumvi. Hiyo ni nitrojeni, na nadhani ndiyo sehemu ambayo wengi huiona kama baraka mpaka mavuno yaje.

Miligramu 35 kwa lita mara mita za ujazo 8,000 ni kilo 280 za nitrojeni kwa hekta. Fosforasi kilo 64. Potasiamu kilo 200. Miti mingi ya matunda iliyokomaa inahitaji nitrojeni kilo 100 hadi 200. Kwa hiyo hata kama hukuweka mfuko mmoja wa mbolea, umeshazidisha. Na kama bado unaweka yurea au samadi, simamisha leo.

Ubaya wa mbolea ya majitaka ni kwamba ratiba yake inafuata kiu ya mti, haifuati njaa yake. Mti unataka nitrojeni nyingi wakati wa kuchipua na kushika tunda, na kidogo sana tunda linapokomaa. Lakini kiu yake ni kubwa zaidi kwenye joto kali, na kwa aina nyingi huo ndio muda tunda linajaa na kuelekea kuiva. Matokeo ni hayo uliyoyaandika: mchungwa unabaki kijani, ganda linakuwa nene na la mikunjo (potasiamu nyingi inaongezea hapo), tunda linakuwa laini na halikai stoo. Mwembe nao unahitaji kupumzika, ukavu kiasi na nitrojeni kidogo, ndipo utoe maua. Ukiunywesha nitrojeni kila siku unakupa majani.

Cha kufanya, kwa mpangilio wa umuhimu:

Miembe: funga majitaka kabisa miezi miwili hadi mitatu kabla ya muda wa maua. Kwenye udongo mzito kama wako mti mkubwa utavumilia ukavu huo. Anza tena kumwagilia vitunda vikifikia ukubwa wa njegere.

Michungwa: kama una chanzo kingine cha maji, hata kidogo, kitunze kwa ajili ya miezi ya mwisho kabla ya kuvuna. Pima majani kila mwaka. Chuma majani ya umri wa miezi 4 hadi 6 kutoka kwenye matawi yasiyo na tunda, majani 100 kutoka miti 20 hivi. Nitrojeni ya asilimia 2.5 hadi 2.7 ni nzuri. Ikipita 3 una ziada. Omba wapime pia kloraidi, sodiamu, boroni na zinki kwenye sampuli hiyohiyo.

Nyasi kati ya mistari: ziache ziote, zikate, kisha ZITOE nje ya shamba. Ukizilaza chini kama matandazo nitrojeni inarudi palepale. Hii ni moja ya hali chache ambazo kutoa majani shambani ni jambo jema.

Fosforasi haiendi popote, inajikusanya sentimita 20 za juu. Ikishirikiana na pH ya juu inafunga zinki na chuma. Ukiona majani machanga ya manjano yenye mishipa ya kijani, ni chuma. Majani madogo yaliyosongamana kwenye ncha ya tawi, ni zinki. Nyunyizia zinki kwenye majani machanga yanapokaribia ukubwa kamili, usiiweke ardhini kwenye udongo huo, itafungwa.

---

bustani_mseto

Nashukuru sana wakuu, hesabu ya nitrojeni imenifungua macho. Nina kisima, maji yake EC 0.3 na sodiamu ni kidogo sana. Hayatoshi shamba lote. Nikichanganya nusu kwa nusu si nitakuwa nimemaliza tatizo la gamba?

---

udongo_kwanza

La chumvi utalipunguza, la gamba hapana. Angalia: ukichanganya nusu kwa nusu EC inashuka karibu nusu, kutoka 1.8 hadi 1.05. SAR haishuki kwa nusu, inagawanywa kwa kipeuo cha pili cha 2 (kama 1.4), kutoka 7 hadi 5 hivi. Kwa mwongozo wa FAO wa ubora wa maji (ule wa Ayers na Westcot, 1985), maji ya SAR 6 hadi 12 yanataka EC iliyo juu ya 1.9 ili yapenye bila shida. Wewe ulikuwa 1.8, unakaribia kabisa. Baada ya kuchanganya upo kundi la SAR 3 hadi 6, linalotaka zaidi ya 1.2, nawe una 1.05. Kwa mizizi maji yamekuwa bora, kwa mfinyanzi yamekuwa mabaya kidogo. Ukichanganya, jasi inakuwa ya lazima zaidi.

Kwa kisima kisichotosha, bora kugawa kwa nyakati na kwa miti. Parachichi wapewe kisima kitupu. Mipera ibaki na majitaka. Michungwa ipate majitaka kuanzia kuchipua hadi tunda lifikie nusu ya ukubwa, kisha kisima.

Jambo moja zaidi la matone ambalo huua miti ghafla. Chini ya kila tone kuna bonge la udongo uliolowa, na chumvi hujikusanya kwenye ukingo wa bonge hilo kama mduara mweupe. Mvua ndogo ya kwanza, milimita 10 au 15, inairudisha ile chumvi yote ndani kwenye mizizi. Watu huzima pampu mvua ikianza, na wiki moja baadaye majani yanapukutika. Usizime. Endelea kumwagilia wakati wa mvua ndogo mpaka zipatikane kama milimita 50 za mvua kubwa, hapo chumvi itakuwa imeshuka.

---

matone

Niongezee upande wa mitambo, kwa sababu yabisi 70 mg kwa lita ni nyingi kwa matone. Chini ya 50 unalala usingizi, juu ya 100 unaziba kila wiki. Upo katikati.

Vyujio viwe viwili: cha mchanga kwanza, kisha cha diski cha mikroni 130. Chujio cha wavu peke yake hakifai kwa maji ya mabwawa, mwani unajikunja na kupenya kwenye matundu. Weka geji ya shinikizo kabla na baada. Tofauti ikifika bar 0.5 osha kwa kurudisha maji nyuma. Bomba la kunyonya lichukue maji sentimita 30 hadi 60 chini ya uso wa bwawa, juu kuna mwani na chini kuna tope.

Vitoa matone: chagua vya lita 2 kwa saa au zaidi. Vile vidogo vya lita 1 vinaziba haraka mno.

Fungua ncha za mistari na usukume uchafu kila baada ya wiki mbili, kasi ya maji angalau nusu mita kwa sekunde. Fungua chache chache, ukifungua zote kwa pamoja shinikizo linashuka na huoshi chochote. Maji ya kwanza yatatoka meusi yenye vipande laini vinavyoteleza ukivishika. Huo ni ute wa bakteria. Endelea mpaka yawe maangavu.

Klorini hapa ina mtego. Mwongozo wa kawaida ni kuacha 1 hadi 2 mg kwa lita ya klorini huru mwisho wa mstari. Kwa maji yenye amonia nyingi huwezi kuifikia: kila miligramu 1 ya nitrojeni ya amonia inakula miligramu 8 hadi 10 za klorini kwanza. Ukiwa na amonia 25 ungehitaji zaidi ya 200 mg kwa lita, ni gharama bure na unaongeza kloraidi kwa parachichi ambayo tayari inaungua. Badala yake dunga kama 10 mg kwa lita kwa dakika 30 hadi 60 za mwisho za zamu, kisha uache mabomba yakiwa yamejaa usiku. Klorini itaungana na amonia, lakini hata muungano huo unaua ute, polepole tu. Asidi na klorini visikutane kamwe kwenye tangi moja wala kwa wakati mmoja. Vinatoa gesi inayoua.

Kila miezi mitatu weka makopo chini ya vitoa matone 16 vilivyotawanyika kwenye mistari tofauti, dakika 10. Chukua wastani wa vinne vya chini kabisa, ugawe kwa wastani wa vyote. Ukipata chini ya 0.8 kuna miti inanyimwa maji na kuna inayozamishwa, na hesabu zote za kuosha chumvi alizokupa mkuu hapo juu zinakuwa hazina maana.

---

afya_shambani

Swali la usalama wa matunda halijaguswa, nalo ndilo linalomhusu mlaji.

Kolifomu 20,000 kwa mililita 100 ni nyingi. Kigezo cha WHO cha mwaka 1989 kwa mazao yanayoliwa mabichi kilikuwa 1,000, na yai la minyoo lisizidi moja kwa lita. Mwongozo wa 2006 ulibadilisha mtazamo: badala ya kudai maji yawe safi peke yake, unahesabu vizuizi vyote kuanzia bwawani hadi mdomoni. Umwagiliaji wa matone kwa mazao yaliyo juu ya ardhi unahesabiwa kupunguza vimelea mara 10,000. Kwa mazao yaliyo karibu na ardhi, mara 100 tu. Kumenya ganda, mara 100. Kuosha kwa maji safi, mara 10.

Kwa hiyo machungwa, maembe na parachichi, yanayoning'inia juu na kumenywa, yana vizuizi vizuri. Mapera yanaliwa na ganda lake, uangalifu uongezeke hapo. Matikitimaji, stroberi na chochote kinacholala ardhini kisiingie shambani humo.

Masharti ambayo usiyalegeze: simamisha majitaka wiki mbili kabla ya kuvuna. Tunda lililoanguka lisiokotwe kwa ajili ya kuuzwa au kuliwa, hata likiwa zima. Usitumie vinyunyizio vya kurusha maji juu. Pogoa matawi ya chini yanayogusa udongo, tone la mvua likipiga ardhi hurusha tope juu zaidi ya nusu mita.

Kuosha baada ya kuvuna kuna kosa moja linalofanya kazi yote iwe bure. Tunda likitoka juani likiwa la moto ukalitumbukiza kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani inasinyaa na tunda linavuta maji kupitia kovu la kikonyo. Kama maji yana bakteria, sasa wako ndani na hakuna kuosha kutakakowatoa. Acha tunda lipoe kivulini kwanza, au maji yawe na joto la nyuzi 5 zaidi ya tunda. Maji ya kuoshea yawe ya kunywa, si ya bomba la shamba hata likiwa limechujwa.

Kuhusu minyoo, sampuli ya lita moja isiyo na yai haitoshi kukutuliza. Chukua lita 10 uache zitulie, au peleka sampuli kadhaa. Mayai ya askaris (minyoo mikubwa ya tumboni) yanaishi kwenye udongo miaka, jua na ukavu vinayapunguza tu taratibu. Yanazama bwawani maji yakikaa siku 8 hadi 10 kwa jumla, kwa hiyo uliza muda halisi wa maji kukaa kwenye yale mabwawa matatu. Bwawa lililojaa tope lina ujazo mdogo kuliko ule uliochorwa kwenye karatasi, na maji yanapita haraka. Wafanyakazi wavae buti siku zote: mnyoo wa safura anaingia kwa ngozi ya mguu mtupu.

---

shina_na_mizizi

Mimi siafiki kung'oa parachichi moja kwa moja, ila napenda bustani_mseto ajue anachopigania. Huko Israeli, ambako majitaka yaliyotibiwa yametumika kwa bustani kubwa kwa miongo mingi, parachichi na machungwa kwenye udongo wa mfinyanzi yalianza kudhoofika baada ya miaka kadhaa, wakati kwenye udongo mwepesi hali ilikuwa afadhali sana. Maelezo yanayopewa uzito ni sodiamu pamoja na ukosefu wa hewa kwenye mizizi. Maji yenye mabaki ya uozo yanalisha bakteria wa udongo, bakteria wanakula oksijeni, na udongo ulioziba haupitishi nyingine. Parachichi ndio mti unaochukia zaidi hali hiyo, na hapo ndipo fitofithora, kimelea cha udongo wenye maji mengi, kinapoozesha mizizi.

Chimba sentimita 30 pembeni mwa kitoa matone utazame mizizi midogo. Parachichi mzima ana mizizi myeupe hadi ya krimu, inayovunjika kwa kishindo kidogo. Ukikuta myeusi inayomenyeka ganda ikabaki uzi, mti huo hauna mizizi ya kuokoa, hata kisima hakitausaidia. Udongo ukinuka kama yai bovu na una mabaka ya kijivu, hewa haipo.

Kama mizizi mingi ni mizima: punguza zamu, mwagilia mara chache kwa kiasi kikubwa ili udongo upate siku mbili tatu za kupumua katikati. Weka matandazo ya vipande vya mbao unene wa sentimita 10 hadi 15, mbali na shina. Ukipanda upya, panda juu ya matuta ya sentimita 50, na chagua mche uliobebeshwa (kupandikizwa) juu ya shina la asili ya Visiwa vya Karibi. Mashina ya asili ya Meksiko hupitisha kloraidi kirahisi kuliko yote. Kwa machungwa, mashina ya kubebeshea ya aina ya Cleopatra na Rangpur huzuia kloraidi mizizini. Carrizo na trifolieti huiruhusu ipande.

---

msomaji_shamba

Naomba kuuliza na mimi: madini mazito je? Tunasikia matunda ya majitaka yana risasi na kadimiamu.

---

udongo_kwanza

Kwa majitaka ya makazi matupu huwa si tatizo la kwanza, lakini linapokuja haliondoki. Madini hayo hayaoshwi na maji, yanabaki sentimita 20 hadi 30 za juu. Bonde la Mezquital nchini Meksiko limemwagiliwa majitaka kwa zaidi ya miaka 100. Udongo umetajirika kwa mboji na wakati huohuo madini mazito ya tabaka la juu yameongezeka.

Mti wa matunda una bahati: kwa kawaida madini hukaa zaidi mizizini na kwenye majani, tunda linapata kidogo. Mboga za majani zilizopandwa chini ya miti ndizo za kuogopa. Kadimiamu ndiyo inayosafiri kirahisi, na kikomo cha FAO kwa maji ya kumwagilia ni 0.01 mg kwa lita. Inalegea zaidi pH ya udongo ikishuka chini ya 6.5, na amonia ya majitaka ikigeuka naitreti huwa inaishusha pH taratibu. Udongo wa 7.2 una nafasi, ila pima kila mwaka, ikikaribia 6.5, hapo sasa chokaa ina kazi.

Pima udongo kwa madini mazito mara moja sasa ili uwe na kianzio, kisha kila baada ya miaka 3. Karakana ya betri, kiwanda cha ngozi au cha kupaka vyuma kikiunganishwa kwenye mtandao ule, dai vipimo vipya kabla ya kufungua valvu tena.

Na kwa bustani_mseto, sampuli za udongo uchukue mwisho wa kiangazi, kabla ya jasi na kabla ya mvua, kwa tabaka: 0–15, 15–30, 30–60 na 60–90. Kila tabaka mfuko wake, sentimita 20 kutoka kwenye kitoa matone, miti 15 kwa kila aina, na mipera usiichanganye na parachichi. Omba ECe, pH, sodiamu, kalsiamu, magnesiamu, CEC na boroni. Rudia mwisho wa mvua. Chumvi ikiwa nyingi juu na kidogo chini, hujaosha. Ikiwa kidogo juu na inazidi kadiri unavyoshuka, maji yanapita. Ikiwa imejazana kwenye 30–60 tu, kuna tabaka gumu hapo: chimba shimo uligonge kwa nondo ujue limeanzia sentimita ngapi, halafu tulete hapa tuone kama litapasuliwa au kama patahitajika mtaro wa kutoa maji.